Mkimbizi aliyeshinda Safari Rally mara tano

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wa Hewa Bora, na ninyi familia mliotoka Mitwaba, Pweto na vijiji vingine mkapokelewa hapa kwetu, leo sitasema juu ya bei ya unga wala juu ya maji. Mama mmoja ameniomba kazi nyingine, na nimeona nisimkatalie.

Mama huyu alifika Lubumbashi wakati wa Kata-Katanga, na watoto watatu na sufuria moja. Nyumba yake kule upande wa Mitwaba ilichomwa. Kijana wake wa kwanza leo ni dereva wa taksi-moto. Pikipiki si yake: kila jioni anampa mwenye pikipiki feza waliyopatana, na kinachobaki ndiyo bukari ya nyumbani. Shida inakuja usiku. Wateja wakiisha, yeye na wenzake wanatafuta kipande cha lami kilichonyooka, kila mmoja anaweka feza kidogo, na atakayetangulia anachukua yote. Mwezi uliopita mmoja wao alivunjika paja. Mpaka sasa amelala kwa shangazi yake, na pikipiki aliyoiharibu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Baba, wewe njo anakusikiaka," mama akaniambia. "Mimi nikisema, anaona ni maneno ya mama tu."

Nilimjibu kwamba sitamhubiria mtoto wake mbele ya watu. Kijana wa miaka 22 ukimwaibisha hewani, kesho atakimbia zaidi. Nikaenda tu kwenye parkingi yao Jumapili mchana, nikawakuta wameinamia simu moja, vichwa sita, wanatazama supakrosi ya Marekani.

Kwa wale wasioujua mchezo huu: supakrosi ni mashindano ya pikipiki ndani ya uwanja mkubwa, kama ule wa mpira. Malori yanaleta udongo, unajengwa vilima, mashimo, na safu ya matuta yaliyofuatana kama meno ya msumeno. Watu 22 wanajipanga nyuma ya vizuizi vya chuma. Vizuizi vinaanguka, na wote 22 wanaitaka kona moja ambayo ingewatosha watano au sita. Wanazunguka dakika 20, halafu mzunguko mmoja wa nyongeza. Posho inayofuata ni mji mwingine, na kazi inaanza tena, mara 17 tangu Januari hadi Mei. Wengi wanahesabu kwamba mchezo ulizaliwa mwaka 1972 katika uwanja wa Coliseum wa Los Angeles. Aliyeshinda siku ile, Marty Tripes, alikuwa na miaka 16.

"Mukubwa," mmoja wao akaniuliza bila kuinua macho kutoka kwenye simu, "huyu muntu anashindaka kila posho, iko na dawa gani?"

Swali lake ni zito. Kushinda mara moja si ajabu. Unaweza kuondoka vizuri, wenye nguvu wakaangushana nyuma yako, ukabaki peke yako. Lakini kushinda mwaka mzima, na mwaka wa pili, na wa tatu, huku kila mtu anakutazama na kuiga unachofanya? Hapo ndipo watu wanaanza kutaja dawa.

Nikaketi nao. Nikawaambia juu ya Jeremy McGrath, aliyechukua ubingwa wa supakrosi mara 7 kati ya mwaka 1993 na 2000. Mwaka 1996 alishinda mara 13 mfululizo, na mwisho wa msimu alikuwa ameshinda mara 14 kati ya 15. Usiku mmoja tu alikosa, mjini St. Louis, akashindwa na Jeff Emig. Huyu McGrath utotoni alikulia kwenye mashindano ya vibaiskeli vya kuruka, na huko alijifunza jambo ambalo vijana wetu wanaliona kinyume. Pikipiki ikiwa hewani, gurudumu halisukumi kitu. Anayeruka juu sana anapendeza kwenye video, lakini anapoteza wakati. McGrath aliruka chini chini, akatua mapema, akafungua mafuta wenzake wakiwa bado juu kama ndege.

Halafu mwaka 1997 alihama kampuni, akaenda Suzuki. Mtu ni yule yule, mikono ile ile, na ubingwa ukaenda kwa Emig. Aliporudi juu mwaka 1998 alikuwa kwenye Yamaha. Watu wanaposimulia mabingwa wanapenda kusahau chombo na mafundi.

Kuna na James Stewart. Wajuzi wengi wanasema hakuna aliyewahi kwenda kasi kama yeye. Ndiye aliyeeneza ile namna ya kuilalisha pikipiki ubavu kwenye kilima ili isipae juu, na leo kila mwendeshaji anaifanya. Alishinda mashindano 50. Ubingwa wa supakrosi alipata mara 2 tu, mwaka 2007 na 2009, kwa sababu mara nyingi kasi ile ilimwacha chini ya udongo. Sasa mweke karibu na Ryan Dungey. Huyo hakuna aliyewahi kumshangilia mpaka sauti ikakauka. Lakini kuna kipindi alimaliza mara 31 mfululizo akiwa ndani ya watatu wa kwanza. Mara 31! Ubingwa alichukua mara 4.

"Dungey anachokesha," akasema mwenye simu. Ni kweli, anachosha. Nami ningelipa kiingilio kumtazama Stewart.

Na hiyo dawa waliyoiuliza, kama ipo, imetoka Afrika. Ricky Carmichael, alipoingia daraja la juu la supakrosi, alikuwa kijana wa nguvu anayeanguka ovyo. Mwaka 2000 akaanza kazi na Aldon Baker, mtu wa Afrika Kusini ambaye yeye mwenyewe alikuwa mshindani wa kinga, yaani baiskeli. Baker alimpandisha Carmichael juu ya baiskeli saa nyingi, akampimia chakula, akampangia saa ya kulala, akahesabu mapigo ya moyo wake. Msimu uliofuata, mwaka 2001, Carmichael alishinda mara 14 kati ya 16. Akamaliza na ubingwa wa supakrosi mara 5. Tangu mwaka 2011 hadi 2019 ubingwa ulikwenda kwa Ryan Villopoto, kisha Dungey, kisha Jason Anderson, kisha Cooper Webb, na wote hao walikuwa wakifanya mazoezi mikononi mwa Baker.

Sababu yake haina siri. Dakika ya 3 wote 22 wanajua kuendesha. Dakika ya 16 mikono imekakamaa kama kuni, vidole havisikii breki, jasho linaingia machoni, na matuta yale yamechimbika kuliko yalivyokuwa mwanzo. Hapo mtu anakosea, anaanguka, anavunjika mfupa wa bega, na miezi miwili imekwenda. Anayetawala mchezo ni yule ambaye dakika ya 16 bado anaendesha kama dakika ya 3, na posho inayofuata yupo, mzima, kwenye mstari. Bei yake ni kali. Villopoto aliacha mbio akiwa na miaka 26. Carmichael na Dungey waliacha na miaka 27. Si mifupa tu, hata roho inachoka na maisha ya kupimiwa kila kijiko.

Mpaka hapo vijana walikuwa wananisikiliza kama mtu anayesoma gazeti la nchi ya mbali. Marekani ni Marekani. Kwa hiyo nikawaletea mtu wa karibu, ambaye mimi nilimsikia kwanza kwa baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa lori la samaki kati ya Kasenga na Lubumbashi. Kila Pasaka alitafuta redio ya mawimbi mafupi, sauti ikija na kuondoka, apate habari za Safari Rally ya Kenya. Sisi watoto tulidhani anapenda magari. Baadaye nilielewa kwamba alisikiliza kazi yake mwenyewe: matope, madaraja yaliyokatika, ng'ombe barabarani, lori linalokuja mbele yako bila taa. Jina alilolitaja zaidi lilikuwa Mehta.

Safari ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilikuwa tofauti na mbio zote za magari. Barabara hazikufungwa, ulikutana na basi na wenye kwenda sokoni. Njia ilikuwa ya maelfu ya kilometa, mchana na usiku. Kila kituo kilikuwa na saa yake, na kila dakika uliyochelewa iliandikwa kama adhabu. Mwisho wa yote, mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Madereva wakubwa wa Ulaya walikuja na magari ya viwanda vyao, wakaacha vipande vyake porini, hadi mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alipokuwa wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Kabla ya hapo ilikuwa ni kazi ya wenyeji, kama Joginder Singh, mtoto wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965 na Volvo iliyokwisha kutumika na wengine, akarudia mwaka 1974 na 1976.

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Kihindi iliyokuwa na mashamba. Mwaka 1971 alikuwa wa pili katika Safari. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Mehta na jamaa zake wakavuka kwenda Kenya. Ninyi mliotoka kwenu usiku mnajua maana ya siku 90, na mnajua pia maana ya kutozipata hata hizo.

Pasaka ya 1973, miezi isiyofika tisa tangu tangazo lile, Mehta akapanga mstari Nairobi na Datsun 240Z, pamoja na Lofty Drews aliyemsomea njia. Baada ya siku zote zile za vumbi na matope, yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia na Datsun, walifika na adhabu sawa sawa. Waamuzi wakarudi kwenye karatasi za vituo kutazama nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Alikuwa Mehta. Mbio za maelfu ya kilometa zikaamuliwa hivyo: hawakuuliza nani alikuwa na kasi kuliko mwenzake, waliuliza nani alichelewa kuharibu.

Hapo mwenye simu aliizima. Si kwa heshima, betri ilikuwa inaisha. Lakini aliizima.

Kisha ikaja miaka ambayo baba aliisimulia mpaka tukachoka. Mwaka 1979, akiwa na Mike Doughty pembeni, Mehta alishinda na Datsun 160J, gari dogo la kawaida kwa kulitazama. Wa pili alikuwa Mikkola yule yule, ndani ya Mercedes yenye injini ya lita 5. Mwaka 1980 akashinda tena. Mwaka 1981 akashinda tena, kukawa na mabishano makali ya hesabu, na aliyebaki wa pili alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, mwenzake wa Datsun. Aaltonen walimwita profesa wa rally. Alikuwa na gari lile lile na mafundi wale wale, akawa wa pili katika Safari mara kadhaa, na hakushinda hata mara moja. Mwaka 1982 Mehta akashinda mara ya tano, ya nne mfululizo, na wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka ule ule alitoka kuwa bingwa wa dunia.

Nje ya Afrika Mashariki, Mehta hakutawala hivyo. Nafasi yake nzuri kabisa katika ubingwa wa dunia ilikuwa ya tano, mwaka 1981, na mbio zote za ubingwa wa dunia alizoshinda ni hizo Safari tano. Wengine wanalitumia hilo kumpunguza. Mimi naona linaeleza kitu. Röhrl alikuwa na kasi kila mahali. Mehta alikuwa na barabara hizi: alijua mvua ikinyesha upande huu, mto wa upande ule utajaa saa ngapi, alijua wapi punda wanalala, alijua gari lipunguzwe wapi ili kesho liwe bado gari. Amin aliweza kuchukua mashamba. Hayo hakuyachukua, maana yalikuwa kichwani.

Tusidanganyane, hata hivyo. Mehta hakukimbia kama mama wa Mitwaba alivyokimbia. Alitoka kwenye familia yenye mali, alipata kampuni ya kumpa gari, na mafundi waliomngojea barabarani na magurudumu mapya. Kumweka mezani pamoja na kijana anayetafuta feza ya mafuta kila asubuhi ni kuwafananisha watu wasiofanana. Nilisema hivyo hivyo pale parkingi, kwa sababu vijana wanasikia haraka mtu anapowapamba.

Kijana wa mama, ambaye hakuwa amesema kitu, ndipo akauliza: "Na ile Datsun, ilikuwa ya nani?"

Ya kampuni, nikamwambia. Mehta aliendesha gari la wenyewe.

Alicheka kidogo, wenzake wakacheka sana, maana wote wanaendesha za wenyewe. Kisha wakaanza maswali ya kweli. Gari lilikaguliwa mara ngapi? Kila lilipowafikia mafundi, kwa dakika zilizohesabiwa. Alilala saa ngapi? Kidogo. Mmoja akainama kutazama cheni yake, ambayo ilikuwa imelegea kama mkufu wa harusi, na wenzake wakamsema mpaka akainuka kutafuta spana.

Lakini waliniuliza pia swali ambalo nalipeleka kwa wakubwa wa mji: sisi tukimbilie wapi? Uganda wana njia ya motokrosi Garuga, karibu na Entebbe, na watoto wadogo wanashindana pale wamevaa kofia ngumu, vifua na magoti yamefunikwa. Nairobi wamekimbia Jamhuri Park. Sisi tuna udongo mwekundu wa kujaza viwanja mia, tuna machimbo yaliyoachwa, tuna vijana wanaojua pikipiki kuliko wanavyojua shule, na mahali pa kushindana ni barabara ambayo malori ya Kasumbalesa nayo yanaitaka. Ukumbuke kwamba katika supakrosi kila kona ina mtu wa bendera, na daktari yupo uwanjani kabla ya vizuizi kuanguka. Usiku ule rafiki yao alipovunjika paja, walimbeba kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, mguu ukining'inia.

Jambo hili la mwisho niliombwa nisiliandike. Nimeliandika kwa ruhusa ya shangazi yake, bila jina. Anasema akipona hatarudi kwenye lami ya usiku, lakini pia hajui atalipaje pikipiki ya watu. Familia zetu zilizohamishwa zinaelewa deni la namna hiyo linakwenda wapi: linakwenda kwenye shule ya wadogo zake.

Mehta naye hakuwa wa chuma. Mwaka 1987 alipata ajali mbaya huko Misri, katika mbio za Mafarao, na hiyo ilifunga maisha yake ya kushindana. Baadaye alikaa kwenye ofisi, akiongoza kamisheni ya rally ya FIA, chama cha dunia cha mbio za magari. Alifariki London mwezi wa Aprili 2006. Safari yenyewe ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021 upande wa Naivasha, fupi zaidi, barabara zimefungwa, na mshindi alikuwa Sébastien Ogier wa Ufaransa. Mara tano za Mehta zilifikiwa mwaka 2018 na Mkenya Carl Tundo. Nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, hazijafikiwa na mtu.